Sisi Akina Mhunzi, Damu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huandika shajara, na kufikia Jumamosi nitakuwa mtu mkubwa. Sipendi watakaokuja kunichunguza baadaye wapate tabu.

Kazini mapema. Masjala ya hospitali: chumba cha chini, dirisha moja, mafaili elfu kumi na tisa, na mimi. Mwaka wa kumi na sita huu. Majina mengine yana rafu. Jina letu lina ukuta. Ukuta mzima, kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba linalovuja, Mhunzi, Mhunzi, Mhunzi. Kila asubuhi kabla ya kuvua koti nasimama mbele yake, mikono mgongoni, nautazama tu. Kuna watu hutazama milima.

Na si mafaili peke yake. Kuna Mtaa wa Mhunzi. Kuna Sabuni ya Mhunzi, ya kusugulia masufuria. Kuna kituo cha basi kiitwacho Kwa Mhunzi, ingawa pale hakuna nyundo wala moto, kuna duka la miwani. Yule ndege mdogo anayegonga mabati alfajiri, watu humwita mhunzi. Refa wa mpira ni Mhunzi, na mchezaji aliyemtia refa ngumi ni Mhunzi. Muuguzi akichungulia benchi la wagonjwa akaita Mhunzi, wanasimama saba. Mwaka juzi mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi alifungwa bandeji ya goti. Akashukuru, akaenda zake akichechemea. Hiyo ndiyo adabu yetu.

Yote haya yametoka kwa mtu mmoja. Haiwezekani vinginevyo. Palikuwa na mhunzi wa kwanza, mwenye karakana pale mji ulipoanzia, aliyefua bawaba ya kwanza, jembe la kwanza na kufuli la kwanza. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwanawe wa kumzaa. Ushahidi ninao kabatini: pasi ya makaa, nzito ajabu, yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Kazi ya mikono ya mhunzi mwenyewe. Baba alinikabidhi siku zake za mwisho. Hakueleza mengi, nikajazia.

Jumamosi tunaanzisha Umoja wa Akina Mhunzi. Wagombea uenyekiti ni wawili. Mimi, na jirani wa nyumba inayotazamana na yetu, mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Kamusi kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Naye ni Mhunzi. Ana daftari la jalada jeusi. Miaka tisa anazunguka nalo akiuliza watu jina walilipataje. Sera yake ni kwamba jina letu lina vyanzo vingi, kila familia na njia yake. Yeye mwenyewe anasema, mbele za watu, bila haya, kwamba babu yake alikuwa kichanga kilichookotwa kwenye ngazi za karakana.

Anaomba kura kwa kusema babu yake aliokotwa. Nimecheka hadi mke wangu akaniuliza kama nimepaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Sera yangu imepatikana. Maneno mawili: Damu Moja.

Nimechora mti wa ukoo juu ya bahasha kuukuu za picha za eksirei, nimezibandika ishirini na nne, nikatandaza sakafuni masjala. Shinani, mhunzi wa kwanza. Juu yake babu yangu. Kisha matawi, matawi, matawi. Mfagizi wetu, mama mmoja mkimya ambaye naye ni Mhunzi, alisimama na fagio lake akautazama kwa muda. Akauliza yeye yuko wapi. Nikamwambia matawi ya pembeni yatajazwa baadaye. Akasema sawa, akafagia kuuzunguka.

Tatizo likabaki Kamusi na kichanga chake. Mtu aliyeokotwa unamtundika wapi? Nikaumiza kichwa hadi saa ya chai, ndipo nikaipata. Pacha! Mke wa mhunzi alijifungua mapacha. Mmoja ni babu yangu. Wa pili alilazwa ngazini apate jua, wapita njia wakadhani ametupwa, wakapiga kelele, na mhunzi, kwa huruma zake, akamwokota mwanawe mwenyewe akamlea. Babu yangu na babu wa Kamusi, mapacha! Sasa akinipinga atakuwa anampinga ndugu yake. Sijui mawazo haya huwa yananijia kutoka wapi.

Nimeandika na katiba. Kifungu cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi: "Wote wenye jina hili ni damu moja, na wa damu hii hawataoana." Koo zote zenye heshima zina mwiko. Sisi hatukuwa hata na mmoja. Nimeutunga.

Mke wangu, ambaye kwao si Mhunzi, amesoma kifungu hicho mara mbili. Akaniambia baba watoto, nusu ya mji huu ni Mhunzi, sasa hawa watoto wetu wataoa na kuolewa wapi? Nikamjibu kwamba ni kifungu cha heshima, si cha matumizi. Alinitazama namna fulani. Sikuelewa ile namna.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu wa kiume ni mchoraji wa mabango. Nimemwagiza auchore mti wa ukoo kwenye ukuta wa ukumbi tutakamokutana, kwa rangi ya mafuta, ile isiyotoka. Alipendekeza rangi ya maji, kwamba ni rahisi kurekebisha. Nikamuuliza tangu lini ukweli unarekebishwa. Amechora vizuri sana. Mapacha amewapa mashavu.

Jioni nilikuwa sebuleni nikiisugua pasi kwa Sabuni ya Mhunzi. Mama yangu, anayeishi nasi, akaiona akasema kumbe ipo, alidhani imeuzwa kwa wanunua vyuma. Akataka kunieleza jambo kuihusu. Nikamwomba asubiri hadi baada ya uchaguzi, kichwa kimejaa. Akasema haya mwanangu, akaendelea kushona kifungo chake.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi!

Kamusi alizungumza kwanza. Alisema jina ni nyumba yenye milango mingi, na kila mmoja wetu aliingia kwa wake, na kwake hilo ndilo zuri kuliko yote. Watu walipiga miayo ya adabu. Kisha nikasimama mimi. Nikafunua pasi. Nikaweka mkono juu ya yule jogoo nikala kiapo kwamba pasi hii ni ya mhunzi wa kwanza, babu yangu ni mwanawe, na babu wa Kamusi ni pacha wake. Mama mmoja alilia. Nikashuka jukwaani nikamkumbatia Kamusi, nikamwita ndugu yangu wa damu. Alikuwa mgumu kidogo kukumbatika.

Kura mia moja na kumi na mbili dhidi ya tisa. Fundi viatu wa pale kwenye kona amechaguliwa katibu. Anapenda sheria. Ameshaikariri katiba yote, akatoka nje akiisema kwa sauti.

Kamusi alinipa mkono mbele ya watu wote akanitakia kila la heri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemaanisha. Nampenda hivyo akishindwa.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimejifungia chumbani.

Binti yangu ni mtaalamu wa maabara hospitalini kwetu. Akili anazo, sijui amezitoa upande gani. Leo mchana amekuja sebuleni na mgeni, akasema kuna neno. Mgeni mwenyewe ni fundi friji. Namjua. Amekuwa akitengeneza friji letu tangu Septemba. Friji hilo lilikuwa linaharibika kila baada ya wiki mbili, nikilaani kiwanda. Kumbe kiwanda hakikuwa na kosa.

Kijana akatoa salamu kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema wazee wake wangependa kuja kuzungumza nasi. Nikafurahi. Kijana ana kazi, ana mikono safi, hapandishi sauti. Nikamuuliza wazee wake ni akina nani.

Ni mtoto wa Kamusi, yule aliyeondoka mtaani akiwa mdogo kwenda kusomea ufundi. Amerudi na ndevu, sikumtambua.

Nikajifanya nakohoa. Nikakohoa kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa ukuta wa ukumbi, kwa rangi isiyotoka, babu yangu na babu wa baba yake ni mapacha. Mimi na Kamusi tumekuwa ndugu. Na huyu fundi friji na binti yangu ni kaka na dada kwa kifungu cha tatu, nilichokiandika mimi, saa ya chai.

Binti yangu akasema, baba, mimi napima damu za watu kutwa nzima, na sijawahi kuona jina limeandikwa humo. Hakupandisha sauti. Kisha akasema kwamba amenisubiri tangu Septemba apate siku nzuri ya kuniambia, na kwamba hataolewa kwa ugomvi, ila hataolewa na mwingine. Akaenda kumsindikiza mgeni. Mke wangu akaondoa vikombe, akanitazama ile namna yake ya Jumanne. Leo nimeielewa.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa kwanza: kufuta. Nimeumwagia chai mti wa masjala, hasa pale kwenye mapacha. Ulioko ukumbini nimeujaribu kwa sabuni ya jina letu, kisha kwa mafuta ya taa. Mashavu ya mapacha yamezidi kung'aa.

Mpango wa pili: katibu. Nikamwendea fundi viatu kibandani kwake, nikasema pengine kifungu cha tatu kina kosa dogo la uchapaji. Akatoa sindano mdomoni. Akasema habari za binti yangu zimeshamfikia, na ananihurumia, ila watu mia moja na kumi na mbili walinipigia kura kwa kiapo, mkono juu ya jogoo. Mwenyekiti hali kiapo Jumamosi akakitapika Jumatatu. Nikileta ushahidi kwamba mmoja wa wale wazee wawili hakuwa mtoto wa mhunzi, ataitisha mkutano. Bila ushahidi, binti yangu na yule kijana ni ndugu, na Umoja hautakanyaga kwenye harusi yao.

Nikamkumbusha kwamba kifungu hicho nilikitunga mwenyewe. Akasema ndiyo, na ni kizuri sana.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa tatu, safi kabisa: kijana abadili jina. Mhunzi wapo wengi, akipungua mmoja ukuta wangu hautaanguka. Harusi inakuwepo, uenyekiti unabaki, kila mtu anafurahi. Nikamwita, nikisema friji limeharibika. Alipofika akalifungua, akasema mzee, hili ni zima. Nikampa kiti, nikamweleza.

Hakukasirika. Alifikiri, akizungusha bisibisi vidoleni. Akasema kwa ajili ya binti yangu angeweza kuacha kitu chochote alichonacho. Ila babu wa baba yake alikutwa ngazini hana nguo, hana karatasi, hana hata siku ya kuzaliwa. Aliyemwokota alimfunika kwa aproni yake na akampa jina, siku hiyohiyo. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote aliwahi kuwapa kwao. Akaniomba nimwambie kama mimi ningekuwa yeye ningelirudisha.

Nilimpa chai. Ni kijana mzuri, na linaniuma kulikubali hilo kwa sababu amelelewa nyumba ya mbele.

Jioni nikapiga moyo konde nikavuka barabara. Nikamwomba Kamusi atafute kwenye daftari lake ushahidi wowote kwamba babu yake si pacha wa babu yangu. Nilitarajia anicheke. Mimi ningemcheka hadi wiki ijayo. Yeye akavuta kiti, akafungua daftari, tukapekua pamoja kurasa zote. Akasema kwa upande wake hakuna njia. Aliyeokotwa ameokotwa. Hakuna anayejua alitoka kwa nani, na ndiyo maana hadithi yangu ilimpata pasipo na kinga. Akasema usiku wa uchaguzi alijikuta anatamani iwe kweli, mapacha, jua na yote. Mtu wa ukoo wake hajawahi kusimuliwa kwamba alikuwa na mama aliyemlaza juani.

Nikaona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Akasema imebaki familia yangu. Akaniuliza babu yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikafungua mdomo kujibu. Nikagundua najua alivyokuwa kwenye mti tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwuliza mama. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikamwambia uchaguzi umekwisha, sasa aseme lile la pasi. Akasema alidhani sitauliza tena.

Babu yangu alikuwa dobi.

Mama alimkuta akiwa dobi alipoolewa pale nyumbani, na alimtunza baba mkwe wake huyo hadi alipofariki. Hakuwahi kushika nyundo, labda ya kupigilia kamba ya kuanikia. Jina lake hasa lilikuwa Kisima. Siku ya kuandikisha watu wa mji palikuwa na meza mbili. Moja ya mafundi chuma, waliokuwa wanahitajika haraka kwenye ujenzi wa daraja. Nyingine ya watu wote waliobaki. Foleni ya watu wote waliobaki ilizunguka jengo mara mbili. Ya mafundi chuma ilikuwa na watu wanne. Na babu alikuwa ameanika mashuka ya watu, na wingu lilikuwa linakuja.

Akaingia kwenye foleni fupi.

Mkononi alikuwa na pasi yake, mpini umelegea, alikuwa anaipeleka kurekebishwa. Usoni alikuwa na masizi. Karani akaitazama pasi, akautazama uso, akaandika Mhunzi. Babu akaona akibisha atarudishwa nyuma na mvua itanyesha. Akachukua karatasi yake, akakimbia, akaanua mashuka yakiwa makavu. Mama anasema alikuwa akisimulia habari hiyo kwa fahari, siyo ya jina, ya mashuka.

Nikasema basi pasi haikufuliwa na mhunzi wa kwanza. Mama akasema ilinunuliwa sokoni. Ukifungua kifuniko utaona muhuri wa kiwanda. Nikakifungua. Upo. Miaka yote hii sijawahi kuifungua.

Kisha mama akanieleza shati. Watu walikuwa wakimjua babu kwa mikunjo ya mikono ya mashati, mstari mmoja tu, umenyooka, unaweza kukatia mkate. Mtu akipita barabarani walisema huyo kapita kwa Mhunzi. Maharusi walikuja kutoka mbali. Nguo ya harusi ya mama mwenyewe aliipiga pasi babu, mara tatu, akikataa kuridhika, na hakutaka asante. Na sare yangu ya kwanza ya shule, anasema, nilivalishwa ikiwa bado na joto.

Hapo nikakumbuka. Maisha yangu yote nimekuwa nikikumbuka harufu ya makaa, na joto kifuani, na mkono mkubwa mgongoni mwangu. Nimewaambia watu mamia kwamba ni karakana. Lilikuwa shati.

Nililia kibarazani, mtu mzima, mbele ya mchele. Mama akasogeza ungo.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wa dharura. Nilikwenda na mama na pasi.

Hadi natoka nyumbani nilikuwa bado na mpango wa nne, wa kusema babu alikuwa mhunzi mchana na dobi jioni. Nilipofika ukumbini nikamwona binti yangu amekaa safu ya mbele, mikono mapajani, anatazama wale mapacha wenye mashavu. Mpango wa nne ukanitoka.

Nikasimama nikasema yote. Foleni fupi, masizi, wingu, mashuka. Nikafungua kifuniko, pasi ikapita mkono kwa mkono hadi nyuma, kila mtu akisoma muhuri wa kiwanda. Nikasema babu yangu hakuwa mtoto wa mhunzi wala pacha wa mtu, alikuwa dobi, dobi hodari kuliko wote, na mtu asiye damu ya mhunzi hawezi kuwa mwenyekiti wa damu ya mhunzi. Nikaketi. Nikasubiri kuzomewa.

Badala yake fundi viatu akasimama, katiba mkononi. Akasema kwa kuwa ni siku ya kusema, kwao nao si wahunzi. Baba yake alinunua nyumba yenye kibao cha Mhunzi mlangoni, akaona uvivu kukitoa, watu wakamwita alivyoandikwa. Katibu wetu, mtu wa sheria!

Basi ikawa zamu kwa zamu. Dereva wa gari la wagonjwa akasema babu yake alikuwa na sauti nzito iliyopasua masikio, wakambatiza jina la kazi inayofanana na kelele zake. Muuguzi wa benchi la kikohozi akasema jina lilikuwa la mume, mume akaondoka akaliacha, naye amelipenda kuliko alivyompenda mwenyewe. Wengine waliazima ili mtoto akubaliwe shuleni. Mmoja alilipata kwa kushinda mashindano ya mbio ambayo sabuni ile iliyadhamini. Kamusi alikuwa anaandika hadi wino ukaisha, akaazima kalamu yangu. Watu walicheka, wakafuta macho, wakasogeza viti karibu. Sijawahi kuwaona akina Mhunzi wamependeza vile. Nilipowaambia sisi ni damu moja walikaa kama abiria. Leo walikaa kama ndugu.

Mwishoni mtu akauliza, basi mhunzi mwenyewe ni wa nani? Au hakuwahi kuwepo?

Mfagizi wa hospitali akanyanyua mkono kule nyuma. Akasema alikuwa bibi yake. Mhunzi wa kwanza alikuwa mwanamke. Mume wake alishika mivukuto ya kupulizia moto, yeye akashika nyundo. Alifua bawaba za mlango wa ukumbi huu. Akasema tukitaka tugeuke tuzione.

Tukageuka wote. Bawaba tatu, pana, zimekunjwa ncha vizuri kama ukingo wa jani. Mlango ule mzito nimeufungua mwaka baada ya mwaka na haujawahi kulia. Mfagizi akasema ni kwa sababu yeye huja kuzipaka mafuta kila mwaka. Akaongeza kwamba bibi yake aliwahi kuokota kichanga ngazini, akakifunika kwa aproni.

Kamusi aliinuka, miaka tisa na daftari lake, na hakuwahi kumwuliza mfagizi. Alitembea hadi kule nyuma akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita dada, akashindwa kuendelea. Mtu asiyekosa jibu.

Kifungu cha tatu kimefutwa kwa kauli moja. Mfagizi amechaguliwa mwenyekiti. Alisema sawa. Kamusi ni mtunza historia. Mimi sina cheo. Nilipotoka binti yangu alinisubiri mlangoni, akaninyoosha kola, akasema hilo shati, baba, limekunjamana vibaya kwa mjukuu wa dobi. Kisha akaniegemea begani. Ningeapa tena juu ya jogoo yeyote kwa ajili ya dakika ile.

Jumanne, 18 Machi

Akina Kamusi wamekuja rasmi, wamekubaliwa, harusi ni mwezi wa sita. Friji limepona kabisa. Mama anamfundisha bwana harusi mtarajiwa kupiga pasi.

Nami nimejifunza, na naliandika ili lisomwe: mtu asijipachike kwenye ukoo usio wake. Nimejitoa. Sina deni na akina Mhunzi.

Asubuhi hii nilipoingia masjala sikusimama mbele ya ule ukuta. Nilipita moja kwa moja hadi kona ya kushoto, herufi ya K. Sikuwahi kuitazama vizuri. Kisima, Kisima, Kisima. Rafu tano! Kuna Mtaa wa Kisima. Kuna Mkate wa Kisima. Kipa wa timu ya mji ni Kisima. Haiwezi kuwa bahati tu. Palikuwa na Kisima wa kwanza, mtu aliyechimba kisima pale mji ulipoanzia na kuunywesha wote, na safari hii mimi ni damu yake kweli, kwa ushahidi wa mama yangu mzazi. Kamusi hawezi kusema kitu. Kamusi si Kisima.

Nimeshabandika bahasha thelathini. Mkutano wa kuanzisha Umoja wa Akina Kisima ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mfagizi, yaani mheshimiwa mwenyekiti, ameutazama mti mpya, akatikisa kichwa, akafagia kuuzunguka.

Mchana nimepita kwa mwanangu kuagiza bango na picha ya ukutani, rangi ya mafuta. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Anasema amepata mchumba, anauza miwani pale kituoni Kwa Mhunzi, na atamleta nyumbani Jumapili inayofuata mkutano wangu. Nikampongeza. Nikamuuliza ni wa ukoo gani. Akacheka, akachovya brashi, akasema nisiwe na haraka, jina lao nitalipenda sana.

Nimefurahi kwa ajili yake. Jioni nimekamilisha na katiba. Vifungu vingi nimevibadili. Cha tatu nimekiacha kilivyo, kimeandikwa vizuri mno.